UZI: Dr. Heinrich Brode, Mjerumani wa ubalozi mdogo wa Zanzibar aliyemwomba Tippu Tip aandike maisha yake

Mchukuzi wa Vitabu

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, tuligombana kurasa sita. Nilichokiona ni kwamba karibu kila mtu alikuwa ananukuu kitabu kilekile cha maisha yake, huyu kumsifu, yule kumlaani, na hakuna aliyeuliza kitabu chenyewe kilipatikanaje. Mzee aliyezunguka bara zaidi ya miaka thelathini akitafuta pembe hakuamka tu asubuhi moja akasema ngoja niandike. Kuna mtu alimwomba. Leo nimemleta huyo mtu.

Nakala yangu niliipata kwa wale wauza vitabu wa chini pale Posta, elfu tano, jalada limechanika na nyuma kuna mtu kapiga hesabu za mchele na mafuta. Ni chapa ya Whiteley, aliyekitafsiri kwa Kiingereza: Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Ilitoka kwanza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, 1958 na 1959, kisha East African Literature Bureau wakaitoa kama kitabu 1966. Wengi tunadhani kazi ni ya Whiteley. Hapana. Yeye aliikuta ikiwa imeshachapishwa Berlin zaidi ya nusu karne kabla.

Aliyeichapisha ni Dr. Heinrich Brode, ofisa wa ubalozi mdogo wa Ujerumani Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kazi ya mchana ilikuwa karatasi za kibalozi: meli, wafanyabiashara wa Hamburg, mashauri ya raia wao. Lakini Unguja ya siku zile ni mji mdogo, na mzee Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, alikuwa bado hai, anakaa Shangani, amestaafu safari tangu aliporudi kutoka Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Brode akajuana naye. Akamwomba aandike. Mzee akakubali, akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani wote waliosoma wakati ule.

Brode akachukua maandishi yale, akayageuza herufi za Kilatini, akaweka tafsiri ya Kijerumani, yakatoka katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, 1902 na 1903. Miaka miwili baadaye, Juni 1905, mzee akafariki Unguja.

Kwa hiyo ilikuwa nusura tuikose. Naendelea post inayofuata, kuna jambo la herufi ambalo lazima nilieleze vizuri.

Kaka wa Ilala

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Mchukuzi wa Vitabu

Sasa hizi herufi. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, watanielewa upesi.

Kiarabu hakina *p*. Hakina *v*. Hakina *ch*. Alama ya irabu ni tatu tu, kwa hiyo *e* na *i* zinagawana alama moja, *o* na *u* nyingine. Waandishi wa pwani walikuwa na mbinu zao, wengine wakiongeza nukta kwa mtindo wa Kiajemi, lakini wengi waliandika kwa mazoea tu, na msomaji akajaziliza mwenyewe. Na *m* inayokuja kabla ya *b* mara nyingi haikuandikwa kabisa.

Chukua neno "pembe". *P* inakuwa *b*. *E* inakuwa *i*. *M* imemezwa. Unabaki na nini? *B-i-b-i*. Bibi.

Sasa mfikirie Mjerumani kakaa mezani Shangani, joto, mbele yake maisha ya mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa pembe za ndovu, na kila ukurasa mzee ananunua, anapakia, anazika akina... nani? Pembe au bibi? Mswahili hapati shida, maana anajua kinachopimwa kwa frasila. Lakini mgeni lazima awe anaielewa lugha kwelikweli, au awe na mtu wa kumuuliza.

Ndiyo maana mimi Brode namheshimu kwa kitu kimoja kuliko vyote: hakutupa Kiswahili. Angeweza kabisa kuchapa Kijerumani peke yake, wenzake wa Berlin wangeridhika. Aliyaweka maneno ya mzee yasimame upande wao, tafsiri upande wake. Akikosea unamwona.

Jiwe la Msingi

Mkuu hapo kwenye bibi za frasila nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananitazama.

Ila swali. Wajerumani walikuwa na haja gani na maisha ya mzee wa Unguja? Hawa si ndio walikuwa wanatuchapa viboko huku bara?

Mchukuzi wa Vitabu

Haohao. Na ndiyo haja yenyewe.

Ile Seminari ilifunguliwa Berlin 1887, miaka miwili tu baada ya Ujerumani kujitangazia himaya huku kwetu. Kazi yake ilikuwa kuandaa wakalimani na maofisa, wengi wao vijana waliosomea sheria, wajue lugha kabla ya kupanda meli. Kiswahili kikafundishwa kule. Na kufundisha lugha kunataka maandishi ya kusoma, si misamiati mitupu. Kwa hiyo wakawa wanaomba kila mtu aandike: safari zako, desturi za kwenu, mashairi, mashauri. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani Dar es Salaam kabla ya kurudi kufundisha Berlin, alikusanya vitu hivyo kama mtu anayevuna embe.

Na Waswahili walikuwepo kulekule Berlin wakifundisha. Amur bin Nasur alikuwa mmoja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ni mwingine, yule wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, 1903. Mtoro akaoa Mjerumani 1904, na mwaka uliofuata alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni wakakataa mama yule asishuke Dar es Salaam. Wakageuka. Mtoro alikufa Berlin 1927. Huyo anastahili uzi wake, siwezi kumbana hapa.

Ninachosema: Brode hakuwa mtu wa ajabu aliyejitenga na serikali yake. Alikuwa ndani ya mtambo. Ila mtambo wenyewe ulitema vitu ambavyo leo vinatusaidia sisi kuliko ulivyowasaidia wao.

Sauti ya Nyikani

Yaani leo tunamshukuru mkoloni kwa kutuandikia historia. Kazi ipo.

Mchukuzi wa Vitabu

Sijasema tumshukuru, soma vizuri. Na subiri, maana sasa nakuja upande wake mbaya.

1905 Brode alitoa kitabu cha pili, cha Kijerumani peke yake. Humo anasimulia yeye, mzee amegeuzwa kuwa mtu wa kuzungumziwa. Jina lake: *Tippu Tip: Lebensbild eines zentralafrikanischen Despoten*. Kwa Kiswahili chetu, picha ya maisha ya dhalimu mmoja wa Afrika ya Kati. Fikiria. Umekwenda kwa mzee, umenywa kahawa yake, umemwomba akupe maisha yake, kakupa. Halafu unamwita dhalimu kwenye jalada.

Kilipotafsiriwa Kiingereza 1907, na dibaji ya Sir Charles Eliot aliyekuwa kamishna wa himaya ya Waingereza upande wa Kenya, udhalimu ulitoka kwenye jina. Kikawa ni habari ya kazi yake Afrika ya Kati, imesimuliwa kutokana na maelezo yake mwenyewe. Mtu yuleyule, jalada jingine.

Kwa hiyo mimi nina Brode wawili. Wa 1902 ni karani mwaminifu. Wa 1905 ni ofisa anayewaandikia maofisa. Ukitaka Tippu Tip nenda kwa wa kwanza.

Binti Shangani

Assalaam aleikum. Mie nimezaliwa hatua chache kutoka nyumba yake. Iko nyuma ya Africa House, mlango wa nakshi, na zile ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Baada ya Mapinduzi ikagawiwa familia nyingi, watu wakiishi humo, wakianika nguo, wakipika. Watalii wanakuja wanapiga picha mlango, wanaambiwa dakika mbili za historia ya utumwa, wanaondoka.

Udogoni tukicheza kwenye ngazi zile. Hakuna aliyetwambia kuwa humu Shangani kuna mtu aliandika kitabu. Tukiambiwa tu "alikuwa mkubwa wa biashara ya watumwa", basi.

Nna suali. Huyo mzee mwenyewe anaanzaje kisa chake?

Mchukuzi wa Vitabu

Waaleikum salaam dada. Anaanza bila salamu. Hakuna kuzaliwa, hakuna mama yangu alikuwa nani, hakuna utoto. Ana miaka kumi na miwili, anaanza safari za karibu na ndugu na ami zake, wanafanya biashara ya sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Mstari wa kwanza tu na mzigo umeshapakiwa! Kisha akiwa na miaka kumi na minane anamfuata baba yake bara, Unyanyembe, na hapo kisa hakisimami tena.

Hiyo ndiyo ladha ya kitabu. Kinasomeka kama daftari la mtu wa safari: tulitoka hapa, tukafika pale, pembe kiasi hiki, bunduki kiasi hiki, fulani alidanganya, tukapigana, tukaendelea. Vita na Nsama kule Itabwa anavisimulia kama mtu anayekueleza foleni ya Ubungo. Jina lenyewe la Tippu Tip anasema alipewa na watu wa huko kwa mlio wa bunduki zake.

Pale ninapopapenda kuliko pote ni Utetera, kule Kongo. Alisikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtawala wa kule, mzee Kasongo Rushie, walichukuliwa mateka wasirudi tena. Tippu Tip akakamata majina ya mabibi wale, akaenda na kisa kwamba yeye ni damu yao, mjukuu amerudi. Mzee akamwamini, akamkabidhi utawala. Na anatusimulia sisi wasomaji bila haya hata kidogo, kama fundi anavyoonyesha kiungo cha mlango alichokitengeneza mwenyewe.

Kisha Stanley, yule msafiri wa Kizungu. Loo. 1876 walifuatana kushuka mto, Stanley akaahidi na kuahidi, na mzee analalamika kuwa mwisho wa yote alipelekewa picha ya Stanley. Picha! Baadaye tena, 1887, wakasafiri pamoja kwa meli kuzunguka Rasi hadi mdomo wa Kongo, Tippu Tip akiwa amefanywa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Nao urafiki huo uliishia kwenye mashtaka Zanzibar. Vitabu vya Stanley vimesomwa dunia nzima. Upande wa pili wa maneno hayo tunao kwa sababu tu mtu wa ubalozi alipeleka karatasi na wino.

Mwana Maniema

Jambo bandugu. Miye ni mutu ya Maniema, nilizaliwa Kasongo, sasa niko Bukavu. Kiswahili yetu mutanisamehe.

Bazee ya kwetu banasema bangwana balileta Kiswahili, balileta dini, balileta na munyororo. Vyote mu safari moja. Miye nasali kwa sababu yao na nazungumuza na ninyi kwa sababu yao. Lakini nauliza. Ule muzee anahesabia pembe, frasila kwa frasila. Batu benye kubeba ile pembe, majina yao iko wapi mu kitabu?

Sauti ya Nyikani

Hapo sasa. Mkongomani kamaliza.

Mchukuzi wa Vitabu

Ndugu wa Maniema, swali lako ni zito na sitalipamba.

Majina yao hayamo. Wapagazi wamo kama hesabu, mateka wamo kama matokeo ya vita. Kitabu kinazungumza pembe, pembe, pembe, na watumwa wanapita pembeni kama kivuli.

Lakini hebu tazameni mwaka. Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba Aprili 1897. Mzee anaandika miaka michache tu baadaye, ana mashamba, anaishi chini ya himaya ya Waingereza, na anayemwomba ni ofisa wa dola la Kizungu. Wazungu haohao walikuwa wameshapigana vita na watu wake Kongo 1892 hadi 1894 kwa kisingizio cha kukomesha utumwa, na mwanawe Sefu akafia humo. Wewe ungekuwa yeye, ungeandika nini na ungeacha nini? Mfanyabiashara wa miaka hamsini anajua mnunuzi wake anataka nini.

Kwa hiyo kimya kile si usahaulifu. Ni cha mtu anayejua nani atasoma. Na hapo ndipo Brode anapohusika tena: angeombwa na mjukuu wake mwenyewe barazani, huenda tungepata kitabu kingine.

Kwa wanaosoma Kifaransa, François Bontinck alitoa tafsiri 1974 yenye maelezo marefu mno upande wa Kongo. Nyinyi wa Bukavu mnaweza kuipata kwa urahisi kuliko sisi.

Jiwe la Msingi

Huyu Brode aliishia wapi? Au naye alifia Unguja kwa malaria?

Mchukuzi wa Vitabu

Hapana. 1911 alitoa kitabu kingine Uingereza kuhusu biashara na uchumi kati ya Afrika Mashariki ya Waingereza na ya Wajerumani. Nimekipitia, ni kikavu kama mkate wa juzi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa konseli wa Ujerumani Yerusalemu, Waosmani wakiwa bado wanautawala mji. Maisha ya mabalozi ndivyo yalivyo. Unaandika jambo moja la maana ukiwa kijana, yanayobaki ni ripoti.

Kaka wa Ilala

Nachomekea kidogo. Si Brode peke yake. Balozi wa Ujerumani hapa Dar miaka ya 90, Heinz Schneppen, naye aliandika. Makumbusho ya Taifa walitoa kijitabu chake 1996 kuhusu kwa nini Kilimanjaro iko Tanzania. Kile kisa tulichofundishwa shule, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Wilhelm wa Ujerumani, mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, anakivunja. Mpaka ulipangwa kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886. Wilhelm alikuwa hata hajawa Kaisari, alitawazwa 1888.

Jiwe la Msingi

Usiniambie! Mimi hicho kisa nimewafundisha watoto wangu juzi.

Mchukuzi wa Vitabu

Waambie upya, mkuu. Tazama ramani: mstari unatoka pwani karibu na Vanga, unapanda umenyooka, ukifika mlimani unapinda kuuzunguka kwa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Wajerumani walikuwa na karatasi ya mkataba wa 1885 kati ya Jühlke, mjumbe wao, na Mangi Rindi wa Moshi, Waingereza wakabaki na Mombasa. Zilikuwa karatasi za wakoloni wakigawana, hakuna bibi wala mjukuu. Schneppen baadaye aliandika pia kitabu kizima cha Kijerumani kuhusu Zanzibar na Wajerumani, 2003.

Binti Shangani

Bibi tena! Au ni pembe?

Nacheka lakini nna jambo la kweli. Kwetu kuna sanduku la bati la marehemu babu, mzaa baba, alikuwa Mkoani Pemba. Ndani mna barua, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa wa rangi ya chai. Baba hawezi kuzisoma vizuri, mie najua Qurani lakini hizi zinanishinda, hazina irabu. Nilitaka kuzipeleka pahala zikahifadhiwe, nikaambiwa niziache tu hapo mapokezi. Moyo wangu ukakataa.

Mchukuzi wa Vitabu

Usiziache mapokezi popote dada yangu. Piga picha kwanza kila ukurasa, asubuhi, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu. Usizinyooshe kwa pasi, kuna mtu namjua alifanya hivyo. Na baba yako akae karibu, anayekumbuka majina ya watu ndiye kamusi.

Tuma mstari mmoja tuone.

Binti Shangani

Nimepiga. Mstari wa pili baada ya salamu nimefika hapa: "jana usiku", kisha neno nimelisoma "nimefua", kisha "na Hamisi mpaka alfajiri". Sasa usiku kucha anafua nguo na Hamisi?

Mwana Maniema

😂😂

Mchukuzi wa Vitabu

Kumbuka *v* hakuna, wanaandika kwa *f*. Babu alikuwa na kazi gani, dobi au mvuvi?

Binti Shangani

Mvuvi.

Mchukuzi wa Vitabu

Basi kavua. Leta mstari wa tatu.